Kaburi Lililobaki Wazi

Mwanaasha alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali haina dawa yake: hakuweza kukuuzia ndizi bila kukuuliza umetokea wapi. Ukimwambia Iringa, anaacha kufunga ndizi, anakutazama usoni, anasema, "Huko kwenu hakuna Mluguru mmoja, mrefu, ana kovu la panga kwenye ugoko wa kushoto?" Wateja wageni walidhani ni askari kanzu. Wengine waliondoka bila kununua.

Meza yangu ya mchele ilikuwa jirani na yake, pale sokoni Morogoro, na nilikuwa simwachi. "Mtani, unafukuza wateja. Nani anatembea akikagua miguu ya wanaume wa watu?"

"Wewe Mnyamwezi beba mizigo yako," ananijibu bila kugeuka. "Ya kwetu tutaibeba wenyewe."

Naitwa Yustina, kwetu Tabora. Nililetwa Morogoro na mume wangu alipopata kazi kiwandani Mzinga. Yeye ametangulia mbele ya haki, mimi nimebaki na mchele. Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanapita bonde hili na mizigo ya watu kichwani, kwa hiyo mimi na Mwanaasha tulitukanana kila siku ya Mungu, na siku ambayo hatukutukanana ujue mmoja anaumwa. Mimi namwita mbega, maana kwao ni juu huko ambako hata gari linakata tamaa. Yeye ananiita punda wa msafara. Tumezeeka hivyo.

Kilichokuwa kinanikera si maswali yake, ni madereva. Dereva wa lori akija kununua ndizi, awe anakwenda Tunduma au Mwanza au Kongo, Mwanaasha anampa chane moja ya ndizi za kisukari bure, amuulizie huko aendako. Dereva akirudi hana habari, anapewa chane nyingine ya pole. Madereva wale walikula mtaji wa yule mwanamke miaka na miaka, na sidhani kama nusu yao walifungua mdomo kwa kazi nyingine zaidi ya kutafuna. Nilimwambia. Akasema, "Inatosha aulize mmoja."

Aliyekuwa anatafutwa ni mdogo wake, Yusuph.

Kwa mama yao, Bi Zuleha, Mwanaasha alikuwa wa kwanza na Yusuph wa mwisho. Waliokuwa katikati hawakukaa duniani. Mwanaasha ndiye aliyembeba yule mtoto mgongoni, akaenda naye kisimani, shambani na kwenye ngoma, mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburuza chini na wenzake wakamcheka. Hata lile kovu la ugokoni alikuwepo likipatikana: Yusuph alikuwa anasafisha migomba, panga likateleza, na dada mtu akachana kanga yake mpya kumfunga. Ile kanga aliikumbuka hadi rangi.

Kijana alipopata ndevu akasema anakwenda kukata miwa kwenye shamba la sukari, msimu mmoja tu, arudi na bati za nyumba ya mama. Mwanaasha akamsindikiza kwa miguu kutoka kwao juu ya Kinole mpaka Mkuyuni kwenye lori, tenga la ndizi kichwani, maana hakuna mwanamke wa mlimani anayeshuka mikono mitupu. Lori lilipoondoka Yusuph akainama kutoka juu ya mizigo, akamwambia, "Dada, msiezeke nyasi tena. Nisubirini."

Wakamsubiri. Msimu ukaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Mmoja akasema amekwenda Mererani kuchimba, mwingine akasema alimwona Tunduma amevaa kofia nyekundu. Mwanaasha akashuka mjini kuuza ndizi ili apate nauli ya kumfuata kila alikosemwa yuko. Alifika Mererani akaonyeshwa Mluguru mwingine kabisa, kibarua wa Matombo, ambaye alimwonea huruma mpaka akamnunulia chakula. Alifika Tunduma. Alitoa matangazo redioni. Bi Zuleha naye, kule mlimani, nyumba ikivuja na Mwanaasha akitaka kumnunulia bati, alikataa. "Yusuph analeta," anasema. Basi kila mwaka kabla ya masika Mwanaasha anafunga meza yake, anapanda kwao, anakata nyasi, anaezeka upya. Bi Zuleha alikufa chini ya nyasi hizo.

Siku ya mazishi Mwanaasha alimwomba mjomba wake wangoje mpaka alasiri, kwa kuwa tangazo lilikuwa limesomwa redioni. Mjomba akakubali. Ikafika alasiri, wakazika. Mimi nilikuwepo. Watu walipotawanyika yeye alisimama kwenye ukingo wa njia anatazama bondeni, na kila bodaboda iliyosikika huko chini ilimfanya ashike ushungi wake vizuri, kama mtu anayejiandaa kupokea mgeni. Nilikosa utani wa kumpa siku ile.

Hiyo ni miaka mingi iliyopita. Maswali yakaendelea, chane zikaendelea kuliwa. Mimi mwenyewe nilikuwa namuulizia Yusuph kwa watu wangu wa Dakawa, kwa Evance mwenye mashine ya kukoboa ambaye ndiye anayeniletea mchele. Evance alinijibu hamjui Mluguru wa jina hilo. Nikaacha kuuliza, na kila gunia lake likifika naendelea kulaani aliyelishona, maana lilikuwa na fundo gumu mdomoni, uzi wa bluu umezungushwa na kuzungushwa, mpaka nitafute kisu. "Huyu mshonaji," nilikuwa nasema, "ana ugomvi na nani?"

Mwaka jana, baada ya masika, asubuhi moja Mwanaasha alimuuzia mtu ndizi akamrudishia chenji bila kumuuliza kitu. Akaja wa pili, naye hivyohivyo. Nikaweka kibaba chini.

"Mbega, unaumwa?"

"Wanataka kumzika Yusuph."

"Amepatikana?"

"Hajapatikana."

"Sasa watazika nini?"

"Mgomba," akasema.

Mungu anisamehe, nilicheka. Kucheka ndiyo kazi yangu kwake. Lakini yeye hakunirudishia tusi, na hapo nikaelewa kwamba jambo ni zito. Akanieleza. Mjomba Maneno, kaka yake marehemu Bi Zuleha, amezeeka, macho yameingia ukungu, na mambo ya ukoo, wao wanauita lukolo, yako mikononi mwake. Mzee anasema hawezi kufa akaacha mtoto wa dada yake ananing'inia, si hai si maiti. Akimkuta dada yake huko akamuuliza mwanangu yuko wapi, atamjibu nini? Basi wazike shina la mgomba badala yake, walie, jina la Yusuph lirithiwe na mtoto wa ukoo, yaishe. Sheikh wa kijijini amekataa kushika jambo hilo. Amesema dua atasoma nyumbani, lakini kaburini kwa mgomba haendi. Mjomba amesema haidhuru, hii ni mila.

"Na wewe umesemaje?"

"Mimi nitasema nini? Ni mjomba." Akapanga ndizi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Wakishazika, Yustina, siwezi kuuliza tena. Utamuulizaje mtu uliyemzika?"

Halafu akasema, "Njoo, mtani. Msiba bila mtani unakuwa mchungu mno."

Nikaenda. Gari lilituacha chini, tukapanda kwa miguu, mimi nahema kama mvukuto na yeye amebeba begi lake na langu. Njia nzima nilimwambia ndiyo maana Mungu aliwaweka Wanyamwezi kwenye tambarare, anawapenda. Hakucheka.

Tukalala huko, na asubuhi nikakuta kaburi limekwisha chimbwa pembeni ya kaburi la Bi Zuleha, udongo mwekundu umelundikwa baina yao. Mgomba ulikuwa umelazwa kwenye jamvi, umeviringishwa sanda. Walimpa Mwanaasha kazi ya kuuchagua, kwa kuwa yeye ndiye ndugu wa karibu, na alikuwa amekwenda kuukata alfajiri ile nikiwa bado nimelala, kwenye migomba ileile aliyokuwa akiisafisha Yusuph alipojikata mguu. Alinong'ona sikioni kwangu, "Nimekata uliokwisha zaa. Ambao haujazaa nimeshindwa."

Sasa, mtani msibani ana kazi zake. Analia uongo, anaiga marehemu alivyokuwa anatembea, anaficha jembe la wachimbaji, na akitaka anaingia kaburini anasema hatoki mpaka apewe chochote. Anapewa kitu kidogo, watu wanacheka, anatoka, mazishi yanaendelea. Hakuna anayemkasirikia. Nami, pamoja na magoti yangu haya, nikashika mkono wa kijana mmoja nikateremka, nikakaa chini ya shimo, nikapiga kelele kwamba simpokei mtu mpaka nipewe kuku.

Watu wakacheka. Vijana wakatoa simu wakaanza kupiga picha za video. Mjomba Maneno, anayeshikwa mkono, akatabasamu akasema, "Mpeni Mnyamwezi kuku wake atoke."

Nilikuwa nimejiandaa kutoka, naapa. Nilikwenda kufanya mzaha wa kawaida. Lakini ukikaa kaburini unatazama juu, na nilipotazama nikamwona Mwanaasha amesimama ukingoni, mikono ameikunja kifuani, anautazama ule mgomba. Halii. Alikuwa na uso uleule wa siku ya mazishi ya mama yake, alipokuwa anasikiliza bodaboda. Nikajua nikitoka humu, mwanamke huyu atashuka mjini na kuuza ndizi bila kuuliza neno mpaka afe.

"Kuku simtaki," nikasema.

"Anataka mbuzi," mtu akasema, wakacheka tena.

"Na mbuzi simtaki. Mmeniita kumpokea Yusuph. Huyu si Yusuph, hii ni ndizi. Mimi nakaa jirani na muuza ndizi, ndizi nazijua. Yusuph mrefu, huyu mfupi. Yusuph ana kovu, hebu nionyesheni kovu la huyu. Hana hata mguu. Nileteeni Yusuph mwenyewe, nitampokea. Mkinipa mwingine naondoka na kaburi lenu."

Kicheko kiliendelea, kisha kikapungua, kisha kikaisha. Wakaleta kuku kweli, nikamkataa. Mzee mmoja akaniita mama kwa sauti ya upole, nikamwambia sitoki. Wingu likashuka kutoka mlimani, manyunyu yakaanza, na mimi bado nimekaa udongoni, nguo imelowa, nalia sasa na silii uongo. Mwanaasha aliketi palepale ukingoni, miguu akaining'iniza ndani, kisigino chake kikanigusa bega.

Mjomba Maneno aliomba asogezwe karibu na shimo. Hatimaye akasema, "Mtani hakasirikiwi. Akikataa, amekataa. Funikeni." Na alipogeuka kuondoka nikaona naye anafuta macho.

Wakaweka fito juu ya shimo, wakatandaza majani ya migomba. Shina lile na sanda yake likaachwa kando. Kutolewa mle ndani nilivutwa na watu wanne, na Mwanaasha ndipo akafungua mdomo. "Punda," akasema, "ona ulivyo mzito."

Vijana na simu zao, unawajua. Kabla sijafika mjini picha yangu ilikuwa imenitangulia. Bibi amegoma kutoka kaburini, anadai marehemu ni ndizi. Sokoni nilichekwa wiki nzima. Magreth, muuza nyanya, alinionyesha imetumwa na shemeji yake wa Mbeya. Niliona aibu, na nilimwogopa paroko wangu, lakini nilikuwa nikimsikia Mwanaasha pembeni, "Umetokea wapi? Huko kwenu hakuna Mluguru mmoja," basi nasema na wacheke.

Ikafika na Dakawa, tena huko ilikuwa lazima ifike, maana wananijua. Evance aliionyesha pale mashineni, wapagazi wote wakamzunguka kumwona Mama Mchele wao ndani ya kaburi. Alinisimulia baadaye. Wote walicheka isipokuwa mtu mmoja mzima, mshona magunia, ambaye wao walimwita Sindano na hakuna aliyewahi kumuuliza jina lake jingine. Huyo aliomba arudishiwe ile picha tangu mwanzo. Akaomba tena, akagusa kioo kwa kidole pale ukingoni mwa shimo, na kumuuliza Evance, "Hili kaburi la pembeni, la nani?" Halafu akakaa chini juu ya pumba.

Simu yangu ililia nikiwa napima kilo mbili za mteja.

"Mama Mchele," Evance akasema, "huku kuna mtu ameacha gunia halijashonwa, analia. Anasema ana kovu."

Nilimpa Mwanaasha simu. Akaiweka sikioni, akasikiliza. Nilisikia sauti ya mwanaume, "Shikamoo, dada." Mwanaasha alikuwa amemtafuta mtu huyu mpaka mpakani, na nadhani alikuwa na maneno ya kujaza gunia. Alichosema ni, "Umekula?"

Alikuwa Dakawa. Mtu ambaye madereva walilishwa ndizi wamtafute mpaka Kongo alikuwa Dakawa, mwendo wa asubuhi moja, na fundo nililokuwa nalilaani kila wiki lilikuwa la mkono wake. Tulimtafuta mbali kwa sababu tulidhani aliyepotea lazima awe mbali. Alikuwa ametoka kwenye miwa na homa na mfuko mtupu, akasema akipata bati ndipo atarudi. Bati hazikupatikana. Tangazo la mama yake alilisikia, alikuwa kwenye majaruba ya mpunga, magoti ndani ya maji. Alifika mpaka stendi ya Msamvu akaona hana hata sanda ya kumpelekea, akageuka. Baada ya hapo, alisema, kila mwaka ulizidi kuufanya mlima kuwa mrefu.

Tulimpandisha Ijumaa. Alikuwa mrefu kweli, ameinama kwa kazi ya kuinamia magunia, nywele zimeanza mvi. Mwanaasha alitembea nyuma yake njia nzima. Nilidhani amechoka, kumbe alikuwa anatazama ule ugoko.

Mjomba Maneno aliletwa uwanjani. "Shikamoo, mjomba," Yusuph akasema. Mzee hakuitikia. Alishuka polepole mpaka akapiga magoti, akapapasa mguu wa kushoto kwa vidole mpaka alipolipata kovu, akaubana mkono pale. "Marahaba," akasema. "Marahaba, baba."

Nilitazamia vigelegele, lakini Yusuph alikwenda moja kwa moja kaburini kwa mama yake, akasimama. Majani juu ya shimo lake yalikuwa yamekauka. Hakulitazama. "Sikumzika," akasema. "Mtu mwenye mama mmoja, sikumtupia hata konzi ya udongo. Nitaingiaje ndani ya nyumba yake?" Na mtu mzima yule akalia kwa sauti, na sisi tukashindwa pa kuweka mikono.

Mwanaasha akaenda kwenye lile lundo jekundu lililotoka kwenye shimo la mdogo wake. Akainama, akachota kwa mikono miwili, akammiminia Yusuph kwenye viganja.

"Huu ulichimbwa kwa ajili yako," akasema. "Mpe mama."

Yusuph akautupa juu ya kaburi. Akachota mwenyewe, akatupa tena. Akaendelea kuchota na kuweka, anapapasa na kusawazisha, mpaka kaburi la Bi Zuleha likainuka jipya kama la jana. Hakuna aliyemharakisha. Vijana walipokuja kufukia lile shimo la pembeni udongo haukutosha, na Mjomba Maneno akamuuliza Mnyamwezi kama sasa ana kipingamizi na mgomba. Nikasema ndizi izikwe, ni haki yake. Wakautumbukiza.

Yule bwana sasa yuko kwao. Ameezeka nyumba ya mama yake kwa nyasi, vizuri sana, na analima. Dakawa wamepata mshonaji mwingine, fundo lake linafunguka kwa kidole, na nakiri kisu changu nakimisi.

Nilidhani Mwanaasha ataacha ule ugonjwa wake. Jumatatu ile tuliyorudi sokoni akaja dereva wa lori, kijana, anataka ndizi za safari.

"Umetokea wapi?" akamuuliza.

Nikageuka kumtania. Kijana akasema kwao Kasulu, ila hajafika siku nyingi, kazi za barabarani. Mwanaasha akamfungia ndizi zake, akaongeza chane moja ya kisukari juu.

"Na kwenu," akasema, "wanajua uko wapi?"

Kijana akacheka. Kisha akaacha kucheka, akalipa, akaenda kusimama pembeni ya lori lake na simu mkononi, anatafuta namba.